Kwa Nini Mheshimiwa Anasimama

Mbwa wangu anaitwa Mheshimiwa. Jina hilo sikumpa mimi, na ningeulizwa ningekataa, maana si jambo dogo mtu mzima kusimama kando ya barabara asubuhi akisema, "Mheshimiwa, kaa chini," na watu wote wakageuka kutafuta ni mheshimiwa gani huyo anayeamrishwa na kipofu. Jina lilitoka kwa wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Wao ndio waliochanga kutoka mishahara yao mpaka mafunzo yake yakalipiwa, na kituo cha mbwa waongozaji kina utaratibu kwamba anayelipia ndiye anayetoa jina. Wakapiga kura pale pale kiwandani. Siku ya kunikabidhi mbwa, msimamizi wao alisema walitaka angalau mara moja maishani wamchague mheshimiwa ambaye akishachaguliwa anakwenda kufanya kazi kweli. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Nami nilicheka, huku nimeushika mpini wa mkanda wake kwa mara ya kwanza.

Mimi ni mpokea simu wa hospitali. Ukipiga hospitali ukauliza wodi ya wazazi, anayekuunganisha ni mimi, na ukinifokea kwamba umengoja sana, unayemfokea pia ni mimi. Kwa miaka mingi dada yangu ndiye aliyenipeleka kazini. Ananishika mkono kama mwanafunzi wa chekechea, ananiacha kitini, anakimbilia kazini kwake, na jioni ananirudia. Dada ni mkubwa wangu, ana mdomo na ana moyo. Sasa kazini kwake wamempa cheo, na cheo chenyewe kiko mji mwingine, na anatakiwa huko mwisho wa mwezi. Bila mbwa nilikuwa na njia mbili tu: niache kazi nimfuate kama begi lake, au nibaki nyumbani kusikiliza redio mpaka nife. Dada mwenyewe alikuwa ameanza kusema kwamba labda akikatae hicho cheo. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Mtu akikataa riziki kwa ajili yako, utamtazama kwa macho gani? Na mimi hata hayo macho sina.

Kwa hiyo Mheshimiwa hakuwa anasa, na mwanzoni alinipeleka vizuri. Akifika ukingo wa barabara anasimama. Pakiwa na shimo ananizuia kwa bega. Pikipiki ikiwa imeegeshwa njiani anaizunguka, mpini unaniambia kulia kidogo, nami nafuata bila kufikiri. Nilianza kutembea kwa mwendo ambao sikujua kama ninao. Dada, ambaye wiki ya kwanza alitufuata kwa mbali akidhani sijui, alisema nilikuwa natembea kama mtu anayedai watu.

Tatizo lilianzia mtaa wa mafundi.

Mtaa huo uko katikati ya nyumbani na hospitali, na huwezi kuukwepa, kwa sababu ile barabara nyingine, tuliyoipita siku za mwanzo, imechimbwa mitaro ya mabomba na hakuna anayejua itafukiwa lini. Naupenda mtaa huo. Unaingia ukisikia nyundo ya fundi viatu na kunusa gundi yake, kisha randa ya seremala, kisha redio, na mbele zaidi cherehani ya miguu inakwenda kasi. Asubuhi moja tulifika katikati, na cherehani ikanyamaza. Nyundo nayo ikanyamaza. Mtu akazima redio. Mtaa mzima ukawa kimya kana kwamba kuna maiti inapita. Na Mheshimiwa akasimama, akageuza kifua kuelekea ukutani, akakaa chini.

"Mbele," nikamwambia.

Hakusogea. Nikapapasa mbele kwa mguu, hakuna shimo. Nikanyoosha mkono, hakuna gari wala ngazi wala kamba ya nguo. Nikauliza kwa sauti, "Jamani, hapa kuna nini?"

Hakuna aliyejibu. Na walikuwepo! Nilimsikia mtu akimeza mate. Nilimsikia mwingine akivuta kiti taratibu, kama mwizi. Nikarudia kuuliza, nikapata kimya kilekile. Mwishowe nikamburuta mbwa wangu kwa nguvu hadi tukaivuka sehemu ile, na tulipofika kona nikasikia nyuma yetu nyundo imeanza tena, redio imewashwa, maisha yanaendelea.

Kesho yake ikawa vilevile. Keshokutwa vilevile. Nilichelewa kazini, simu zikalia bila mtu, na muuguzi mkuu akaniuliza kwa upole, ule upole wa mtu anayepanga maneno ya barua, kama mbwa ananisaidia au ananichelewesha. Mbwa aliyezuia nisigongwe na lori, aliyekataa kunivusha hata nilipomlazimisha kwa sababu yeye aliona nisichokiona, mbwa huyo huyo anakaa chini katikati ya mtaa salama kama amegoma. Nilifikiri labda kuna paka. Nilifikiri labda kuna bucha. Nikafika mahali pa kufikiri mambo ambayo sitayaandika hapa.

"Wewe unambembeleza," dada alisema. "Mvute. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

"Namvuta, dada."

"Basi wale watu wa pale wanakufanyia nini?"

"Hawafanyi kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Dada alipita peke yake mtaa ule jioni moja akarudi amechanganyikiwa kuliko mimi. Alikuta watu wa kawaida, wanasalimia, wanatania. Fundi viatu alimwambia soli ya kiatu chake inaomba msamaha. Hapakuwa na bucha wala paka.

Nikampigia simu mkufunzi wa kituo, yule dada aliyenifundisha kumshika Mheshimiwa. Alisikiliza, akauliza maswali. Naye hakuelewa. Alisema kwenye mafunzo hakuwahi kumwona akisimama bila sababu.

"Ijumaa nitakuja nitembee nyuma yenu," akasema. "Lakini nikuambie ukweli, kaka. Mbwa ambaye hatujui kwa nini anasimama, hatujui pia ataacha kusimama lini. Akifanya hivyo tena mbele yangu, itabidi nimchukue."

"Na mimi?"

"Utaingia tena kwenye foleni."

Foleni hiyo naijua. Nilikaa ndani yake mpaka ndevu zikaanza kuota mvi, kwa maelezo ya kinyozi. Nilirudisha simu mahali pake, nikamwita Mheshimiwa, akaja akaniwekea kidevu gotini. Nikamuuliza, "Una nini wewe?" Akahema.

Ilipofika Jumatano, siku yangu ya mapumziko, hasira ilinishinda. Nikachukua ile fimbo yangu nyeupe ya zamani, nikamwacha Mheshimiwa na dada.

"Unakwenda wapi na fimbo?"

"Kugombana."

"Na nani?"

"Nikimjua nitakuambia."

Nilikwenda polepole, nikagonga ndoo ya mtu, nikaomba radhi kwa nguzo. Nikaingia mtaa wa mafundi nimekunja uso, najiandaa kwa kile kimya. Kimya hakikuja. Nyundo ilipiga, randa ilikwaruza, redio ilisoma bei za mazao, na ile cherehani iliendelea kukimbia kana kwamba mimi ni mpita njia yeyote. Nilisimama nikabaki mdomo wazi. Siku zote nilidhani wananicheka mimi, kumbe mimi hawana habari nami kabisa. Shida yao ni mbwa. Lakini mtu mwenye shida na mbwa hupiga kelele, hakai kimya akameza mate! Sikujua nishike lipi niache lipi. Nikaifuata sauti ya cherehani mpaka fimbo ikagusa kizingiti.

"Hodi."

"Karibu," sauti ya mama mtu mzima ikajibu, miguu bado inakanyaga. "Ni suruali ya kupunguza au..." Hapo akainua uso, nadhani, kwa maana cherehani ilisimama ghafla.

"Mama, mimi ndiye yule mwenye mbwa."

"Najua," akasema, taratibu sana.

"Basi niambieni leo, mna nini na mbwa wangu?"

"Si wako," akasema haraka, halafu akajirudi. "Samahani, baba. Ni wako. Ni wako kabisa. Ulimi tu huu."

Akanivutia kigoda. Nilikaa, hasira yote imeniyeyukia, hata sikujua imekwenda wapi. Fundi viatu wa jirani aliacha nyundo yake tena, na safari hii nilijua anasikiliza.

Huyo mama fundi ndiye aliyemlea Mheshimiwa. Mbwa hawa hawazaliwi wanajua kazi, wala hawakulii kituoni. Kituo huwapa watu wa kujitolea wakiwa wadogo, wawalee nyumbani, wawatembeze sokoni, stendi, kwenye ngazi na kelele, wawafundishe kutookota chakula njiani, na wakikua huwarudisha kituoni kwa wakufunzi, ambao hata hawawajui walezi hao. Chakula na daktari ni juu ya kituo, kwa michango ya watu kama wale wa sabuni. Mengine yote ni juu ya mlezi, wala halipwi kitu. Mama fundi alimpokea Mheshimiwa akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya sanduku la vipande vya vitambaa. Mumewe alikuwa amefariki, binti zake wameolewa mbali. Alisema alitaka tu kitu cha kumfanya aamke.

"Siku ya kumrudisha walitupa sharti," akasema. "Mbwa akipata mwenyewe, wewe mlezi ukikutana naye njiani usimwite, usimsalimie, usimtazame. Asisikie hata sauti yako, mpaka wazoeane na huyo mpya. Nikakubali. Sasa sikujua utapitia hapa! Siku ya kwanza nilipowaona pale kona roho ilinipasuka. Nikasema, huyu anaijua cherehani yangu, akiisikia atanitambua. Nikaacha kushona. Na hawa wenzangu nikawaomba wakae kimya, wasije wakaniita kwa bahati mbaya nikaitika."

"Ungewaambia kituo."

"Wangekutafutia njia nyingine, hata ya kuzunguka mji." Alisita. "Nisingemwona tena."

Ili nisikae kama kisiki nikauliza, "Alipokuwa kwako, ulipokuwa ukishona, yeye alikaa wapi?"

"Hapa miguuni, karibu na kanyagio. Analala kabisa, hata upige ngoma."

"Na ukiacha kushona?"

"Nikiacha kushona tunatoka. Akisikia tu imenyamaza, huyo, mlangoni. Anakaa, ananingoja nimvalishe mkanda. Sikumfundisha, alijua mwenye..."

Hakumaliza. Nilisikia kiganja chake kikifunika mdomo.

"Ee Mungu wangu," akasema kwenye vidole. "Kumbe ninamwita."

Nilicheka. Nilicheka kwa kelele, kwa furaha, kama mtu aliyezunguka nyumba nzima akitafuta kofia na kuipata kichwani. Mtaa mzima ulikuwa ukijinyima kazi kila asubuhi ili mbwa asijue, na kile kimya chao ndicho kilichokuwa kengele yake. Nikamweleza habari ya Ijumaa na mkufunzi, na foleni, na dada na cheo chake. Nikamwambia mambo sasa ni rahisi, yeye ashone tu. Tukija, tukipita, tukiondoka, miguu isitoke kwenye kanyagio. Nilijiona mwerevu wa mji mzima.

Yeye hakucheka.

"Na akishindwa Ijumaa?" akauliza.

"Wanamrudisha kituoni."

"Hakai kituoni," akasema. "Walioshindwa hupewa waliowalea, kama wanawataka. Tulielezwa."

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Nikauliza swali ambalo mtu mwenye akili asingeuliza. "Na wewe unamtaka?"

"Usiniulize hilo, baba."

"Basi, Ijumaa utashona?"

"Nimesikia," akasema.

Nilirudi nyumbani nikiligeuzageuza neno hilo. Nimesikia si ndiyo. Nimesikia si hapana. Mwanamke ambaye hadi asubuhi ile hakujua kwamba anaweza kumrudisha mbwa wake kwa kuinua mguu tu, sasa anajua, na aliyemfundisha ni mimi. Nilikuwa nimempa mtu kisu, nikamwonyesha na shingo ilipo.

Dada aliposikia alivaa viatu. "Nakwenda kumpigia magoti."

"Usiende."

"Kwa nini nisiende? Ni maisha yako haya!"

"Mama wa watu amelea, amemtoa bure kwa mtu asiyemjua. Sasa twende tukamwombe atoe tena?"

"Ndiyo!" dada akasema. "Ndiyo, twende tukamwombe!"

Hatukwenda. Hata sasa sijui kama nilimzuia dada kwa utu au kwa aibu. Usiku na mchana wa Alhamisi nilikuwa na mawazo yanayopigana. Nilijiambia mbwa ni haki yangu. Kisha nikajiuliza, anapokaa pale mlangoni anangoja, si anangoja mtu? Miguuni kwangu analala, lakini je, analala kama alivyolala kule kwenye kanyagio? Nilimpapasa kichwa nikitafuta jibu, na masikio yake yalikuwa ya moto na laini, na hayakuniambia kitu. Nilimpenda na nikamwonea huruma yule mama na nikamwogopa, yote kwa pamoja, na nikatamani mtu aje aniambie lipi kati ya hayo ndilo sahihi.

Ijumaa mkufunzi alikuja asubuhi. Akasema nitembee kama siku zote, nisimwongeleshe, yeye atakuwa nyuma. Dada alinifunga kitufe cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Tukatoka. Mheshimiwa alivuka barabara kubwa vizuri, akazunguka mkokoteni, akakwepa dimbwi. Tukaingia mtaa wa mafundi. Gundi. Nyundo, haikunyamaza. Randa, haikunyamaza. Redio ilikuwa inaimba. Na mbele, cherehani ilikuwa inakwenda.

Tulipokaribia, ikaanza kupunguza mwendo.

Niliisikia vizuri. Sindano ilikuwa ikishuka na kupanda taratibu zaidi, na zaidi, kama mtu anayefika mwisho wa mshono. Mpini ukalegea mkononi mwangu. Bega la Mheshimiwa likaanza kugeuka kuelekea ukutani. Nilitaka kupiga kelele, "Mama, shona!" lakini mkufunzi alikuwa nyuma yangu, na hata kama asingekuwepo, sijui kama ningekuwa na haki ya kusema. Nilishika mpini nikangoja. Cherehani ilitoa pigo moja, ikakawia, ikatoa jingine.

Halafu ikashika kasi. Ikaenda mbio kuliko nilivyowahi kuisikia, gurudumu linavuma, ubao wa sakafu unatetemeka. Mpini ukanyooka. Mheshimiwa akapita mlango ule kama anavyopita milango yote, na mimi nikapita naye.

Mkufunzi alinifikia baada ya maduka machache. Alikuwa na furaha, sauti yake imejaa. "Safi sana, kaka! Mimi sikuona tatizo lolote. Ni wako huyu."

Nilipaswa kurukaruka. Nilimfikiria dada na safari yake, nikafurahi kweli. Nilitaka kurudi kusema ahsante, nikakumbuka kwamba siwezi kurudi na mbwa, na kwamba hata nikirudi naye, mama hatakiwi kunijibu. Nyuma yetu cherehani ilikuwa bado inakimbia. Lakini mlio wake ulikuwa mwepesi, mkavu.

"Dada," nikamwambia mkufunzi, "hebu niangalizie. Yule mama fundi anashona nini?"

Akageuka, akatazama.

"Hashoni kitu," akasema kwa mshangao. "Hakuna nguo pale. Anakanyaga tu, na macho kayafumba."

Nikamwambia Mheshimiwa, "Mbele," naye akaenda.